Siku nzima peke yangu Kew: miti, nyumba za vioo, na mwaloni ulionyanyuliwa na tufani

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu nimekaa nao wiki mbili, leo naushusha. Ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo.

Mwishoni mwa Oktoba nilimaliza zamu tano za usiku mfululizo nikapata siku moja ya kupumzika. Nilipanga kutoka na rafiki yangu, akapata dharura asubuhi ileile. Mimi nilishavaa viatu. Nikasema nakwenda hivyohivyo, peke yangu. Nikachukua treni hadi stesheni ya Kew Gardens, kusini-magharibi mwa London, na saa nne kamili lango linafunguliwa nilikuwa pale. Nilitoka jioni wakati wanafunga, na hata hivyo naona sikuimaliza.

Kwa wasioijua: Kew ni bustani ya mimea ambayo mwanzo wake ni 1759, pale Augusta, mjane wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alipoanza kukusanya mimea ya kigeni kwenye kipande kidogo cha shamba la familia. Leo ni zaidi ya hekta 130, na tangu 2003 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Zamani yalikuwa mashamba mawili ya kifalme yaliyopakana, moja la Richmond na moja la Kew, na katikati ilipita njia ya umma. Mwaka 1802 yakaunganishwa. Ile njia bado ipo kwa namna yake: ukipita kwenye barabara ndefu ya miguu waliyopanda miti ya mholi pande zote mbili, ndipo palepale watu wa kawaida walipokuwa wakipita katikati ya kuta za wafalme. Nilisimama pale nikaangalia kushoto na kulia. Hakuna ukuta tena, lakini mstari wa njia unauona kabisa.

Nilianza na nyumba ya minazi na michikichi, ile kubwa ya vioo iliyojengwa kati ya 1844 na 1848. Kwa nje inafanana na jahazi lililogeuzwa juu chini, na ndivyo hasa: mbavu zake za chuma ziliundwa kwa ufundi wa kuunda meli. Ukiingia tu, joto linakukumbatia na miwani inafunga ukungu. Nilisubiri ukungu uondoke nikiwa nimesimama mlangoni kama kipofu, nikawa nasikia kwanza kabla ya kuona: maji yanadondoka kutoka kwenye vyuma, tone moja hapa, jingine kule. Kuna ngazi nyembamba ya chuma inayozunguka hadi juu kwenye ujia, na ukiwa kule unaangalia makuti kwa juu, kama ndege anavyoyaona.

Jambo lililonifurahisha kuhusu jengo lile ni moshi. Maboila yaliyopasha joto yalikuwa chini ya sakafu, na hawakutaka bomba la moshi liharibu sura ya jengo. Basi wakachimba njia chini ya ardhi, moshi ukapelekwa hadi kwenye mnara wa matofali ulio mbali, karibu na lango. Ukipita pale leo unadhani ni mnara wa kengele. Makaa ya mawe nayo yalipita kwenye njia hiyohiyo ya chini.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Kuna mwaloni pale unaitwa mwaloni wa Turner, chotara wa aina mbili za mwaloni, uliopandwa 1798. Mti mpana kuliko ulivyo mrefu, matawi yametanda kama mtu aliyefungua mikono. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa mgonjwa: majani machache, ncha za matawi zinakauka, na wataalamu hawajui kwa nini. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987 ikaja tufani kubwa kusini mwa Uingereza. Kew peke yake ilipoteza miti kama 700. Huu mwaloni wa Turner upepo uliunyanyua mzima mzima, mizizi na udongo wake, ukautikisa, kisha ukaurudisha kwenye shimo lilelile.

Wafanyakazi wakauwekea nguzo za kuushikilia, wakaendelea na miti mingine iliyoanguka. Waliamini huu nao ni wa kukatwa, zamu yake haijafika tu. Ilipita kama miaka mitatu ndipo wakaurudia. Wakakuta umechipua upya, umenenepa, una afya ambayo haujawahi kuwa nayo kwa miaka mingi.

Walipotafakari wakagundua kilichokuwa kinauua. Ni miguu. Karibu miaka 200 ya watu kuja kukaa kivulini na kukanyaga udongo juu ya mizizi. Udongo ulishindiliwa hadi ukawa kama sakafu, hewa haipiti, maji hayapenyi, mizizi inakosa pumzi. Tufani ile iliufungua udongo kwa sekunde chache. Tangu hapo Kew wana vifaa vya kupuliza gesi kwa nguvu chini ya udongo kuzunguka miti mizee ili ulegee, na utaona miti mingi mikubwa imezungushiwa duara pana la matandazo badala ya nyasi fupi hadi kwenye shina. Lile duara linakuambia usiingie, mzizi unapumua hapa.

Nilikaa kwenye benchi kando ya mwaloni ule karibu saa nzima. Ningekuwa na mtu, tungepiga picha mbili tukaondoka. Nilipochoka kuangalia matawi nikaanza kuangalia chini. Ndani ya duara la matandazo udongo umeinuka kidogo, una nyufa ndogondogo, una uyoga mdogo wa kahawia. Nje ya duara, hatua moja tu, ardhi ni ngumu na inang'aa. Niliinama nikabonyeza kwa kidole pande zote mbili. Ndani kidole kinazama hadi pingili ya kwanza. Nje hakiingii kabisa.

Nitaendelea nikitoka kazini. Mnara wa ghorofa kumi na mimea ya Afrika bado sijaigusa.

#2

Mkuu, shukrani kwa uzi. Nina swali la kweli kabisa. Hukujisikia upweke? Mimi nikifikiria kwenda mahali kama hapo mwenyewe naona watu wote watanitazama. Na kula mwenyewe mezani je?

#3

Nimeusoma mara mbili. Nimefanya kazi ya kutunza miti miaka kumi na mbili na hilo la udongo kushindiliwa ni kweli tupu. Ukiona mti mkubwa unaanza kukauka kutokea juu kileleni kushuka chini, usikimbilie kutafuta wadudu. Tazama kwanza chini. Mara nyingi utakuta watu wanaegesha magari pale, au kuna njia ya mkato inapita juu ya mizizi, au mafundi walirundika kokoto na matofali wakati wa ujenzi. Mizizi inayolisha mti haipo ndani sana kama watu wanavyofikiri. Mingi iko kwenye udongo wa juu, haizidi kina cha sentimita sitini, na inaenda mbali kupita kivuli cha matawi. Kwa hiyo unaweza ukawa umesimama mbali na shina ukadhani huna kosa, kumbe umesimama juu ya mdomo wa mti.

Dawa yake si ngumu: zuia kukanyagwa, tandaza majani makavu au vipande vya mbao vilivyosagwa, usirundike kwenye shina lenyewe, na uwe na subira. Minyoo itafanya kazi ambayo tufani ilifanya, ila polepole.

#4 – Mleta uzi

#3 mkuu, hilo la kivuli sikulijua. Kumbe hata benchi nililokalia lilikuwa juu ya mizizi. Asante sana.

#2 ndugu yangu, nikujibu kwa ukweli. Nusu saa ya kwanza nilijisikia vibaya. Mikono sikujua niiweke wapi. Nilikuwa natoa simu kila dakika ili nionekane nina shughuli. Kisha nikagundua hakuna anayenitazama, kila mtu anatazama miti au watoto wake. Nilipofika kwenye ile nyumba ya vioo na miwani ikafunga ukungu, nikaacha kabisa kujifikiria.

Cha kukusaidia ni hiki: usipange kuona kila kitu. Chagua vitu vitatu tu na kila kimoja ukipe muda. Beba chakula chako ukale kwenye nyasi, hilo la meza linakwisha lenyewe. Na beba daftari. Mtu mwenye daftari hana upweke, macho yake yana kazi.

Sasa niendelee.

Upande wa kusini kuna pagoda, mnara wa mtindo wa Kichina uliojengwa 1762 na msanifu William Chambers, kama mita 50 kwenda juu. Una ghorofa kumi, wakati pagoda za asili huwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kila ghorofa ni nyembamba na fupi kwa futi moja kuliko ya chini yake. Ukisimama karibu na kuinua kichwa, macho yanadanganyika, unauona mrefu kuliko ulivyo. Mwanzoni ulipambwa na madragoni 80 ya mbao, yakaondolewa 1784, na yakarudishwa mapya 2018. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitoboa matundu kwenye sakafu za ghorofa zote, wakawa wanadondosha mifano ya mabomu kutoka juu hadi chini kuchunguza yanavyoanguka. Nilisimama pale nikiwaza, jengo lililojengwa kwa ajili ya kuburudisha macho ya familia ya mfalme, likaja kutumika kwa kazi hiyo.

Sikupanda. Miguu ilikuwa imechoka na nilitaka niwahi mimea ya Afrika kabla giza halijaingia.

#5

Hapo kwenye mimea ya Afrika ndipo ninapokusubiri. Tiririka mkuu.

#6 – Mleta uzi

Haya. Kuna jamii ya mimea inaitwa sikadi. Ukiiona kwa mbali unadhani ni mnazi mfupi mnene, lakini si mnazi wala si jamaa yake. Ni ukoo wa kale sana, ulikuwepo enzi za dinosaria. Haitoi maua, inatoa koni, na mmea mmoja ni dume au jike, hauwi vyote viwili.

Kwenye ile nyumba ya minazi kuna sikadi iliyo ndani ya chungu tangu 1775. Aliileta Francis Masson, mkusanyaji mimea wa Kew, kutoka Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini. Inasemwa ndiyo mmea wa chungu mzee kuliko wote duniani. Unakua kwa sentimita mbili hivi na nusu kwa mwaka. Shina limelala ubavu, limeshikiliwa na nguzo za chuma, mithili ya mzee aliyeegemea fimbo. Kwa miaka yote hiyo umetoa koni mara moja tu, mwaka 1819. Nilishika pembeni ya chungu. Sikushika mmea, nakuahidini.

Ya pili iko kwenye nyumba nyingine kubwa ya vioo, ile ya mimea ya nchi zisizo na joto kali. Jina lake la kitaalamu ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliiona kwenye msitu wa oNgoye, Natal, Afrika Kusini. Kishada kimoja cha mashina, yote dume. Walitafuta jike, hawakupata. Wakatafuta nyingine yoyote, hawakupata. Shina la mwisho liliondolewa msituni 1916. Zote zilizopo leo kwenye bustani za dunia ni machipukizi ya dume lile moja. Kew walipata lao 1899, na lilitoa koni mara ya kwanza 2004, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakirusha droni juu ya msitu ule wakitafuta jike kwenye picha. Bado halijaonekana.

Pale kuna kibao kidogo tu, watu wanapita wanaenda kupiga picha kwenye ngazi. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yanajikunja kuelekea chini kama mwavuli, na ncha zake zinachoma. Nilikaa mbele yake nikakosa la kuandika kwenye daftari. Niliandika tarehe tu.

#7

Mleta uzi umeandika vizuri na moyo wako unaonekana, lakini naomba niweke upande mwingine. Hizi bustani hazikujaa kwa bahati. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili mbegu za mpira kama 70,000 akazifikisha Kew. Zilizoota hazikufika hata 3,000, lakini miche yake ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Singapore, na huko ndiko mashamba makubwa ya mpira ya makoloni yalikoanzia. Biashara ya mpira ya Amazon ikaanguka. Mkwinini nao, mti unaotoa kwinini, ulitolewa milima ya Andes, Amerika Kusini, ukapelekwa India. Kew ilikuwa injini ya dola, si bustani ya kutembelea Jumapili. Mtu akienda akakaa kwenye benchi kwa saa nzima bila kulijua hilo, ameona nusu.

#8 – Mleta uzi

#7 nakubaliana nawe na sina ubishi. Nililiwaza hilo mbele ya lile dume la oNgoye. Limetolewa kwao, ni kweli. Na lisingetolewa leo hii lisingekuwepo kabisa, hilo nalo ni kweli. Sijaweza kuchagua moja nikaliacha jingine. Nilichoona ni kwamba mmea wenyewe hauna habari na hoja zetu, una kiu ya jike tu.

#9

Naongezea la #7. Kuna ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima, watu wanaliweka dirishani. Asili yake ni milima ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta 1892, akapeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Wanaolifuga madirishani ni mamilioni. Huko msituni linashikilia miamba yenye kivuli na unyevu, na msitu ukikatwa nalo linaondoka. Wengi wanaolimwagilia kila asubuhi hawajui lilikotoka.

#10

Wakuu, kwa mwenye kutaka kutoka peke yake bila kulipa kiingilio, jirani na Kew kuna Richmond Park. Hii si bustani, ni mbuga ya kifalme, ina hekta zaidi ya 900, na kuingia ni bure. Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta 1637 ili awinde kulungu. Kulungu bado wapo, zaidi ya 600.

Lakini kilichonifanya niipende ni kesi. Katikati ya karne ya 18 Princess Amelia, binti wa mfalme, alipewa usimamizi akafunga mbuga, akaacha wenye kibali tu. Mtengeneza pombe wa Richmond aitwaye John Lewis akajaribu kuingia, akazuiwa na mlinzi wa lango, akaenda mahakamani. Mwaka 1758 akashinda. Hakimu akamuuliza anataka mlango au ngazi ya kuvukia ukuta. Akachagua ngazi, kwa hoja kwamba mlango unaweza kufungwa, ngazi haifungwi. Walipoiweka wakaachanisha vidato sana makusudi. Akarudi tena mahakamani kulalamika kwamba watoto na wazee hawawezi kupanda, na hakimu akaamuru itengenezwe vizuri.

Mimi huenda peke yangu kila nikipata nafasi. Ukitembea angalia jambo hili: matawi ya chini ya miti yote yamekatika usawa mmoja, kama mtu aliyepitisha rula. Hakuna aliyekata. Ni midomo ya kulungu, inafika hapo na haipiti. Ukiwa mbali unaona chini ya miti hadi mwisho wa uwanda. Msimu wa vuli madume yanapigana, kaa mbali nao angalau mita 50, na usijipenyeze kati ya dume na majike.

#11

#10 hiyo ya ngazi imenigusa. Nimeisimulia nyumbani usiku huuhuu.

#12

Maswali ya haraka kwa mleta uzi: tiketi nanunua pale au mtandaoni? Siku ipi ina watu wachache? Na mvua ikinyesha je?

#13 – Mleta uzi

Mtandaoni, mapema, ni nafuu kuliko langoni, na bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalia kabla. Siku za kazi asubuhi ni tulivu zaidi. Mvua ikinyesha ndiyo nafuu yako, maana watu wanaondoka na wewe unaingia kwenye nyumba za vioo na kusikiliza mvua ikipiga juu. Valia nguo za tabaka, utatoka baridini ukaingia kwenye joto la msituni, ukatoka tena. Chaji simu. Yangu ilizima saa tisa na tangu hapo ndipo nilipoona vizuri.

#14

Mimi ni yule wa #2. Nimekwenda jana, peke yangu.

Nilichagua vitatu kama ulivyosema. Mwaloni sikuupata kwa urahisi, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la majani makavu. Aliacha toroli akanisindikiza hadi pale. Nikamuuliza kama ni kweli wanapuliza gesi chini ya udongo. Akacheka, akasema ni kweli, na kazi yake yeye siku hiyo ilikuwa kuongeza matandazo kwenye miti mizee, toroli baada ya toroli. Akanipa jani moja la mwaloni ule lililoanguka. Jani ni gumu, lina meno madogo pembeni, na kwa vile mti ni chotara haudondoshi majani yote wakati wa baridi, mengi yanabaki mtini hadi machipukizi mapya yatokeze.

Nilibonyeza udongo kwa kidole, ndani na nje. Ni kama ulivyosema.

Na ule mti mzee wa mginko uliopandwa 1762 je, uliuona? Majani yake yote yalikuwa manjano na yalikuwa yanaanguka kwa pamoja bila upepo. Nilisimama nje ya duara hadi mguu wa kushoto ukafa ganzi.

#15 – Mleta uzi

Nilipouona mimi ulikuwa bado wa kijani, manjano ilikuwa imeanza pembeni tu. Nina mapumziko Alhamisi. Kama bado yanaanguka, nakwenda.